Maswali ya Wasomaji: Pasi ya Vietnam Mlangoni kwa Palau

Barua nne zilizotufikia katika majuma machache yaliyopita zinauliza, kila moja kwa namna yake, jambo moja: raia wa Vietnam anayetaka kuitembelea Palau, lile taifa la visiwa lililoko magharibi ya Bahari ya Pasifiki, anatakiwa awe na nini mkononi? Tumeziweka pamoja, tukazifupisha kidogo na kuyaacha majina ya waandishi kama walivyoomba.

*Ndugu Mhariri, ninaishi Hanoi, ambako nimeoa. Mke wangu ni raia wa Vietnam, na mtoto wetu wa miaka 6 ana pasi ya Vietnam pia. Tunakusudia kwenda Palau kwa siku 9. Wakala wa tiketi ametuambia kwamba viza ya Palau hutolewa uwanjani, basi hatuna la kuhangaikia. Jirani yetu naye anasema alizuiwa kupanda ndege hapa hapa Hanoi, akiwa na safari kama yetu na pasi kama ya mke wangu. Kuhusu pasi yangu mimi nimekwisha kupata majibu. Naomba nielezwe hali ya mke wangu na mtoto. Nani mkweli kati ya hao wawili?*

Ndugu yetu wa Hanoi, wote wawili ni wakweli, na usimlaumu yeyote kabla hujajua kila mmoja alikuwa akizungumzia mlango gani.

Wakala wako alikuwa akiuzungumzia mlango wa Palau. Nchi hiyo huwapa wageni wa mataifa karibu yote, Vietnam ikiwamo, ruhusa ya kukaa siku 30 kama watalii, na ruhusa hiyo hutolewa mgeni anapofika, bila ya kuandika maombi kabla ya safari na bila ya ada ya viza. Mataifa yanayotakiwa kupata viza mapema ni machache, Bangladesh na Myanmar yakiwa miongoni mwao. Ofisa wa uhamiaji katika uwanja wa Roman Tmetuchl, ulioko Airai kwenye kisiwa kikubwa cha Babeldaob, atataka kuona pasi ambayo muda wake uliobaki haupungui miezi 6, tiketi ya kurudi au ya kuendelea kwenda nchi nyingine, mahali mtakapolala, na dalili kwamba mnaweza kujigharimia kwa siku mtakazokaa. Kabla ya hapo, katika saa 72 za mwisho kabla ya kuwasili, kila msafiri hujaza kwenye intaneti fomu ya kuingia ya Palau, inayounganisha maelezo ya uhamiaji na ya forodha, kisha hupewa msimbo wa QR wa kuonyesha. Fomu haina malipo. Ukikutana na tovuti inayokudai fedha kwa ajili ya kukujazia, ifunge. Mtoto naye ni msafiri kamili, kwa hiyo mjazieni fomu yake.

Jirani yako alikuwa akiuzungumzia mlango mwingine kabisa, ambao watu hawauhesabu kwa sababu hauna bendera: kaunta ya ndege pale Nội Bài, uwanja wa Hanoi. Shirika la ndege linalompeleka mtu mahali ambapo hataruhusiwa kuingia au kupita hutozwa faini, tena hulazimika kumrudisha kwa gharama zake. Ndiyo maana karani wa kaunta huzipitia karatasi zako kwa ukali kuliko ofisa wa nchi unayokwenda, naye husoma masharti kwenye mfumo wake, nchi kwa nchi, kwa kuifuata njia iliyoandikwa kwenye tiketi. Hakuna ndege ya ratiba itokayo Vietnam moja kwa moja hadi Palau. Lazima mpite mahali, na kila mahali mnapopita pana sheria zake ambazo Palau haiwezi kuzilegeza kwa niaba yenu. Sikuiona tiketi ya jirani, lakini ningekuwa mtu wa kuweka dau, ningeweka kwamba ilipitia Guam.

Guam ni ardhi ya Marekani, na Marekani haina utaratibu wa kumwachia abiria wa kigeni apite uwanjani kwake bila ya viza, hata kama anabadilisha ndege tu na hatoki nje ya jengo. Upo msamaha maalumu wa viza kwa Guam na Visiwa vya Mariana ya Kaskazini unaowahusu raia wa Japani, Korea Kusini, Singapore, Malaysia na nchi nyingine chache, lakini Vietnam haimo. Maana yake ni kwamba mke wako, ili akae Guam saa 3 akisubiri ndege ya Koror, mji mkubwa wa Palau, angetakiwa kujaza maombi ya viza ya Marekani, kulipa dola 185 zisizorudishwa, na kwenda kwenye mahojiano ubalozini Hanoi au kwenye ubalozi mdogo ulioko Ho Chi Minh City. Kama tayari anayo viza ya Marekani ambayo haijaisha, njia hiyo iko wazi kwake. Kama hana, msiiguse, hata tiketi ikiwa rahisi namna gani.

Njia ambayo ningewashauri ni ya Taipei. Kutoka Hanoi na Ho Chi Minh City ndege za kwenda Taoyuan, uwanja wa Taipei huko Taiwan, ni nyingi, na kutoka Taoyuan kuna ndege ya moja kwa moja hadi Koror. Raia wa Vietnam anahitaji viza ili kuingia Taiwan, lakini hahitaji kuingia: mradi safari zote mbili ziko kwenye tiketi moja, mizigo imefungwa lebo ya hadi mwisho wa safari, na anabaki ndani ya eneo la wanaobadilisha ndege, anapita bila ya kuulizwa viza. Neno la kushika hapo ni *tiketi moja*. Mkinunua tiketi mbili mbali mbali kwa sababu jumla yake imepungua kidogo, sanduku litaishia Taoyuan kwenye mkanda wa mizigo, upande wa pili wa dirisha la uhamiaji, na mke wako atakuwa upande huu akilitazama. Iwapo ana viza au kibali cha ukaazi cha Marekani, Kanada, Uingereza, nchi za Schengen, Japani, Korea Kusini, Australia au Nyuzilandi, hata kilichokwisha muda wake ndani ya miaka 10, anaweza kuomba kwenye intaneti cheti cha kuingia Taiwan kisicho na malipo, nacho humpa hadi siku 14. Cheti hicho ni akiba nzuri hata kwa asiyekusudia kutoka uwanjani, kwa sababu ndege huahirishwa.

Njia ya pili ni Manila. Ufilipino na Vietnam zote ni wanachama wa ASEAN, umoja wa nchi za Kusini-mashariki mwa Asia, na raia wa Vietnam huingia Ufilipino bila ya viza kwa matembezi mafupi, kwa hiyo hapo hata tiketi mbili tofauti hazitamkwamisha mtu: atapita uhamiaji, atachukua sanduku lake, atahamia jengo jingine la abiria ikihitajika, kisha ataanza upya. Masharti ni tiketi ya kuendelea na safari, pasi yenye miezi 6, na kujiandikisha katika mfumo wa eTravel wa Ufilipino ndani ya saa 72 kabla ya kuingia, jambo ambalo watu hulikumbuka wakati wa kwenda na kulisahau wakati wa kurudi. Wekeni nafasi ya saa za kutosha kati ya ndege na ndege, kwani foleni za Manila haziijui ratiba yenu.

Sasa kuhusu pasi zenyewe. Tangu sheria mpya ya kutoka na kuingia kwa raia wa Vietnam ilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 2020, mtoto haandikwi tena ndani ya pasi ya mzazi. Anakuwa na yake, na ya mtoto aliye chini ya miaka 14 hudumu miaka 5 tu, ilhali ya mtu mzima hudumu 10. Fanyeni hesabu ya ile miezi 6 kwa pasi ya mtoto kwanza. Yangu ni mazoea ya kufungua pasi ya mdogo kuliko wote katika msafara kabla ya nyingine yoyote, kwa sababu ndiyo huisha bila ya mtu kuangalia.

La mwisho kwenu ni majina. Mwanamke wa Vietnam habadilishi jina la ukoo akiolewa, kwa hiyo mtasimama dirishani watu watatu, na huenda mama na mtoto wana majina ya ukoo tofauti. Chukueni nakala ya cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vikiwa na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Na iwapo itatokea mzazi mmoja atangulie na mtoto, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake iliyogongwa muhuri na mthibitishaji. Si lazima ataulizwa, lakini akiulizwa bila ya barua, maelezo ya mdomo hayatoshi.

*Mhariri mpendwa, ninafanya kazi katika ofisi ndogo ya safari hapa Ho Chi Minh City, na tuna kundi la Wavietnam 14 wanaotaka kwenda Palau kuzamia baharini. Wawili wana zile pasi za rangi ya zambarau zilizotolewa mwaka 2022, na tunasikia kwamba zina kasoro. Wengine watatu majina yao kwenye tiketi hayafanani na ya pasi. Bosi wangu pia anauliza kama isingekuwa rahisi kuwapeleka Micronesia au Samoa.*

Dada yetu, tuanze na hilo la majina, kwa maana ndilo litakalowaharibia safari mapema kuliko mengine. Pasi za Vietnam za zamani huandika jina zima katika mstari mmoja, jina la ukoo likitangulia, na mtu asiyeujua utaratibu huo hulichukua neno la mwisho na kulifanya jina la ukoo. Usikisie. Tazama mistari miwili ya herufi kubwa iliyoko chini kabisa ya ukurasa wa picha. Wa kwanza huanza na P<VNM, kisha bila ya nafasi hufuata jina la ukoo, kisha alama mbili za << zinazolitenga, kisha majina mengine yaliyotengwa kwa alama moja moja. Kilicho kabla ya alama mbili ndicho kiandikwe mahali pa jina la ukoo, na kilicho baada yake ndicho cha majina mengine, yote bila ya alama za matamshi, Đ ikiwa D na Nguyễn ikiwa Nguyen. Tiketi, fomu ya Palau na eTravel vyote vifuate mistari hiyo, hata kama mwenyewe anasema nyumbani wanamwita vingine. Ukiwa na watu 14, kaa na pasi zote mezani na uzisome moja moja kwa kidole. Ni kazi ya saa moja, na kusahihisha jina baada ya tiketi kutolewa huchukua siku na fedha.

Zile pasi za zambarau zina hadithi yake. Vietnam ilipoanza kutoa pasi za muundo mpya tarehe 1 Julai 2022, ukurasa wa maelezo haukuwa na mahali pa kuzaliwa, na mwishoni mwa mwezi huo huo Ujerumani ikatangaza kwamba haizitambui, nchi nyingine za Ulaya zikaifuata kwa muda. Kuanzia tarehe 1 Januari 2023 mahali pa kuzaliwa pamerudishwa kwenye ukurasa huo, na wenye pasi zilizotangulia waliruhusiwa kuomba maandishi ya nyongeza katika Idara ya Uhamiaji iliyo chini ya Wizara ya Usalama wa Umma. Mgogoro huo ulikuwa wa Ulaya, na pasi hizo ni halali. Hata hivyo ningewaambia wateja wako hao wawili waombe yale maandishi ya nyongeza, au wabadilishe pasi ikiwa imekaribia kujaa. Ada ya pasi mpya ni dong 200,000, maombi yanaweza kupelekwa kwa intaneti, na ofisa wa nchi mnayopitia anapolitafuta neno asilione, hufungua mazungumzo ambayo kundi la watu 14 haliyahitaji.

Kuhusu wazo la bosi wako, linafaa kuangaliwa, lakini halipunguzi ugumu, linauhamisha. Shirikisho la Mikronesia huwapokea wageni wa taifa lolote kwa siku 30 bila ya viza, jambo lisilo la kawaida duniani. Lakini njia yake kuu ni ile ile ya Guam, pamoja na viza ya Marekani. Samoa nayo hutoa kibali cha mgeni pale anapowasili, ila njia yake ya kawaida ni kupitia Auckland, na Nyuzilandi humtaka raia wa Vietnam awe na viza ya kupita hata kama haondoki uwanjani. Ukizipanga nchi hizi kwa ukarimu wa mlango wake, zinakaribia kuwa sawa. Ukizipanga kwa njia ya kufikia mlango huo ukiwa na pasi ya Vietnam, Palau inaziacha nyingine mbali kwa sababu ya Taipei na Manila. Kwenda Palau kwa kupitia Brisbane kunawezekana pia, lakini hapo mtahitaji viza ya kupita Australia, ambayo haina malipo na huruhusu hadi saa 72, na kwa mtu atokaye Ho Chi Minh City ni kuzunguka kwa mbali kwa ajili ya kurudi karibu.

*Ndugu Mhariri, rafiki yangu Mvietnam, tunayeishi naye mtaa mmoja Da Nang, ni mzamiaji mwenye cheti. Anataka kwenda Palau kwa zile siku 30, aongeze nyingine akiwa huko, na ikiwezekana apate kazi katika duka la uzamiaji. Lakini ana wasiwasi: amesoma kwamba Palau iliwahi kuchoma moto meli za Wavietnam. Je, atapokelewa vizuri? Na je, kwenye uwanja hutoza kodi ya dola 50 wakati wa kuondoka, kama alivyosoma?*

Ni kweli. Mwezi Juni 2015 Palau ilizichoma baharini mashua 4 za uvuvi kutoka Vietnam zilizokamatwa ndani ya maji yake, na mabaharia wake wengi wakarudishwa makwao kwa mashua zilizobaki. Kosa lilikuwa uvuvi haramu, na miongoni mwa walivyokuwa wakivitafuta ni majongoo bahari, ambayo hukaushwa na kuuzwa kwa bei kubwa Asia. Palau ina watu wasiozidi 20,000 na bahari kubwa isiyolingana na idadi hiyo. Katika mwaka huo huo ilitunga sheria ya hifadhi ya bahari iliyoanza kutumika kikamilifu Januari 2020, nayo inafunga asilimia 80 ya eneo lake la kiuchumi la bahari, yaani karibu kilomita za mraba 500,000, dhidi ya uvuvi wa kibiashara. Moshi ule ulikuwa salamu kwa wenye mashua. Mtalii anayeshuka kwenye ndege akiwa na tiketi ya kurudi na kadi yake ya uzamiaji hapimwi kwa kipimo hicho, na sharti la siku 30 linamhusu sawasawa na mgeni mwingine.

Nitakayosema kuhusu kazi hayatamfurahisha. Ruhusa ya mtalii si ruhusa ya kufanya kazi, hata ya siku mbili, hata ya kulipwa chakula na malazi. Kibali cha kazi huombwa na mwajiri aliyeko Palau wakati mfanyakazi bado yuko nje ya nchi, na mtu aliyeingia kama mtalii hageuzi hadhi yake akiwa ndani. Akipata duka linalomtaka, wamwombee kibali, yeye akingoja Da Nang. Kujipeleka kwanza na kutafuta baadaye ndiyo njia ya kufukuzwa, na aliyewahi kufukuzwa nchi moja huulizwa habari hiyo kwenye fomu za viza za nchi nyingine nyingi. Kuongeza muda wa matembezi ni jambo jingine, nalo linawezekana: anapeleka maombi na ada katika ofisi ya uhamiaji kabla ya siku 30 kwisha, si siku ya 31. Akienda na nia hiyo, tiketi yake ya kurudi iwe ya aina inayoruhusu kubadilisha tarehe, kwa sababu bila ya tiketi ya kurudi hataondoka Vietnam, na yenye tarehe isiyobadilika haitamfaa.

Ile kodi ya dola 50 ni habari iliyochakaa. Hadi mwishoni mwa mwaka 2017 msafiri alilipa uwanjani, kwa fedha taslimu, dola 20 za kuondoka na dola 30 za mazingira. Kuanzia tarehe 1 Januari 2018 mahali pake pamechukuliwa na ada moja ya dola 100 ya mazingira, ambayo shirika la ndege huijumlisha ndani ya bei ya tiketi ya kimataifa, kwa hiyo hakuna atakayemdai uwanjani. Anachobaki kulipa mwenyewe ni kibali cha jimbo la Koror kwa ajili ya Visiwa vya Miamba, lile eneo la kusini lililoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2012. Kwa muda mrefu kibali hicho kimekuwa dola 50, na dola 100 kwa anayetaka kuogelea pia katika ziwa la viwavi wa baharini lililoko Eil Malk, nacho hutumika kwa siku 10. Fedha ya Palau ni dola ya Marekani. Abebe dola kutoka nyumbani, na zikizidi 5,000 taslimu azitangaze kwa forodha ya Vietnam wakati wa kutoka.

*Mheshimiwa Mhariri, mama mkwe wangu, Mvietnam wa miaka 68, anakwenda Palau na wanawe katika likizo ya Tết, mwaka mpya wa Kivietnam. Amekwisha kupanga kubeba bánh chưng, tambuu na popoo, na mafuta yake ya kujikinga na jua. Shemeji yangu havui sigara yake ya kielektroniki mdomoni. Kuna la kuwaonya?*

Lipo, na la shemeji ndilo zito. Palau ilipiga marufuku sigara za kielektroniki mwaka 2023, kuziingiza na kuzitumia pia. Vietnam yenyewe imezikataza kuanzia mwaka 2025, kwa hiyo hana kisingizio cha kwamba hakujua. Aiache nyumbani; si kifaa cha kufichwa katika soksi.

Mafuta ya jua nayo yaangaliwe kwenye kibandiko cha nyuma. Tangu tarehe 1 Januari 2020 Palau hairuhusu mafuta yenye kemikali zinazodhuru matumbawe, na yakikutwa kwenye mizigo ya mgeni huchukuliwa. Kemikali zilizokatazwa ni 10, na zinazoonekana mara nyingi kwenye machupa ya madukani ni oxybenzone, octinoxate na octocrylene. Orodha ya viambato huchapwa kwa herufi ndogo mno, kwa hiyo mama atahitaji miwani yake au mjukuu mwenye macho makali. Yenye zinc oxide au titanium dioxide badala ya hizo hayana tatizo, ingawa humfanya mtu aonekane amepakwa chokaa.

Kuhusu chakula, bánh chưng ni mchele wa kunata na choroko zilizofungwa kwa majani ya kijani, na katikati yake pana nyama ya nguruwe. Ni nyama hiyo, pamoja na majani mabichi ya tambuu na popoo zake, vitakavyomsimamisha mbele ya maofisa wa forodha na karantini, kwa sababu visiwa huogopa magonjwa ya mifugo na wadudu wa mimea kuliko vinavyoogopa magendo. Kwenye fomu ya kuingia pana swali la nyama, matunda na mimea, na jibu lake liwe la kweli hata kama kitu chenyewe ni kidogo cha kutosha kiganjani. Anayetangaza, baya kuliko yote ni kunyang'anywa; anayeficha ana kesi. Nadhani mama hatakosa kitu sana: Wapalau wenyewe ni watafunaji wakubwa wa popoo, nao huiita *buuch*, kwa hiyo atakuta wenzake sokoni Koror wenye midomo myekundu kama yake, na huenda wakaelewana bila ya mkalimani.

Mwambie pia ahakikishe pasi yake ina ukurasa mmoja mzima usio na muhuri. Tangu Desemba 2017 Palau humgongea kila mgeni ahadi iliyoandikwa kwa ajili ya watoto wa visiwa hivyo, kwamba atapita kwa upole, hatachukua asichopewa wala hatakidhuru kisichomdhuru. Muhuri huo huchukua ukurasa mzima, na mgeni huusaini mbele ya ofisa kabla ya kuingia. Maneno yenyewe ni marefu, na pale dirishani panakuwa na foleni nyuma, basi wanawe wamsomee kwa Kivietnam wakiwa bado nyumbani, ili mama asaini kitu anachokijua. Akiisha kusaini, asirudi na kombe hata moja la ufukweni katika mkoba.